Kwa mabinti wetu wanaoanza kusoma sheria



Kila mwaka, matokeo ya Examen d'État yakitoka, wamama wa Aveba huniuliza maswali mawili. Mmoja anasema: "Mtoto wangu amepata diploma, anataka kusoma droit. Ataweza?" Mwingine anasema: "Nikiuza ng'ombe juu ya masomo hayo, atarudi na kazi gani?" Yote mawili ni maswali ya haki. Miaka ya masomo ni mingi, barabara ya Bogoro tunaijua, na ng'ombe akiisha kuuzwa harudi zizini. Nami nimesoma sheria Bunia, na leo ninatetea watu mbele ya hakimu kama défenseur judiciaire. Kwa hiyo dada zetu wanaotengeneza barua hii wameniomba niandike yale ninayoyasema kila mara sokoni au nje ya kanisa.

Nina jambo moja kubwa la kusema, na mengine yote yanatoka hapo. Watu wengi wanadhani sheria ni ya mtoto anayejua kusema sana. Mtoto akibishana nyumbani, wanasema huyu atakuwa avoka. Sivyo. Mwanafunzi mzuri wa sheria ni yule anayezoea kuuliza maswali matatu kabla ya kufungua kinywa: Ni sheria gani? Kifungu gani? Ya mwaka gani? Kisha, akiisha kupata jibu katika Kifaransa, anaweza kumweleza mama yake kwa Kiswahili au Kingiti bila kuligeuza. Binti akijifunza hayo mawili, ng'ombe hakuuzwa bure.

Tuanze na maandalizi, maana huko ndiko pesa nyingi zinakopotea.

Kwanza, chagueni shule kwa macho wazi. Université de Bunia ni ya Serikali na ina kitivo cha sheria. Mjini kuna pia shule za watu binafsi. Shule yoyote ambayo hamuijui, ombeni kuonyeshwa arrêté ya waziri inayoiruhusu kufundisha masomo hayo na kutoa diploma. Mtu wa ofisi akikasirika kwa sababu umeuliza, hilo nalo ni jibu. Tafuteni pia wanafunzi wawili wa mwaka wa pili, kila mmoja peke yake, muwaulize: walimu wanafika? Mitihani inafanyika kwa wakati? Matokeo yanatangazwa?

Pili, makaratasi. Diploma au cheti cha matokeo, bulletins za shule, cheti cha kuzaliwa, picha. Fanyeni fotokopi tatu za kila kimoja. Hati asili zikae kwenye mfuko wa plastiki nyumbani kwa mtu mnayemwamini, si chini ya godoro la chumba cha kupanga. Hapa kwetu tumekimbia mara nyingi, na wengi walirudi wakakuta hata jina lao halina karatasi. Piga picha ya kila hati kwa simu, utume kwa watu wawili.

Tatu, malipo. Lipeni mahali palipopangwa na shule, mara nyingi benki, na mchukue bordereau. Msimpe mtu pesa mkononi kwa sababu anasema "nitakusaidia pale kwa apariteri". Kila bordereau iandikwe tarehe na itunzwe hadi siku ya diploma. Na pesa ya ng'ombe isimalizike mwezi wa kwanza. Igaweni mapema: malipo ya shule, chumba, chakula, silabusi na fotokopi, motari, na fungu la ugonjwa ambalo haliguswi. Wazazi wengi wanahesabu malipo ya shule tu, halafu katikati ya mwaka binti anaanza kukopa. Binti mwenye deni anakuwa rahisi kushikwa na watu wabaya.

Nne, mjue hesabu ya miaka. Mimi nilisoma katika mfumo wa zamani: miaka 3 ya graduat, kisha miaka 2 ya licence. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu imeingia katika mfumo unaoitwa LMD. Sasa licence inachukua miaka 3, yenye krediti 180, na master miaka 2 mingine. Neno ni lile lile, lakini licence ya leo si ile ya kaka zetu. Kwa hiyo, mama, usipike pilau ya mwisho kwenye mwaka wa tatu ukidhani mtoto amefika pale licencié wa zamani alipofika. Anayetaka kuwa avoka ana tena miaka 2 ya stage chini ya avoka mzee, kwa sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 inayosimamia kazi hiyo. Anayetaka kuwa hakimu au mtu wa parke anangoja concours ya Conseil supérieur de la magistrature. Si mambo ya kukatisha tamaa. Ni mambo ya kupanga, kama mtu anayepanda kahawa anavyojua kwamba havuni mwaka huu.

Sasa nizungumze na binti mwenyewe.

Siku za kwanza utaona watu wengi katika auditoire moja, mwalimu anasema haraka, na Kifaransa chake si kile cha shule ya sekondari. Usiogope, lakini usikae nyuma pia. Fika mapema, kaa mbele, andika. Tena usidanganyike na silabusi. Silabusi ni maneno ya mwalimu juu ya sheria, nayo unaihitaji kwa mtihani. Lakini sheria yenyewe ni kitu kingine. Wanafunzi wengi wanamaliza mwaka mzima wamekariri silabusi bila kufungua Katiba hata mara moja. Ni kama mtu anayejifunza kupika kwa kusikiliza sifa za chakula.

Basi tafuta matini zenyewe. Kwa mwaka wa kwanza tatu zinatosha: Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 pamoja na mabadiliko ya mwaka 2011, Sheria ya Familia, na Sheria ya Makosa ya Jinai. Sheria za nchi hutoka katika Journal officiel, na nyingi unaweza kuzipata bila malipo kwenye tovuti ya Leganet. Siku unapopata mtandao mzuri mjini, zishushe kwenye simu, uzisome hata bila mtandao. Kila mwalimu anapotaja kifungu, kifungue uone kinasema nini hasa. Utashangaa mara ngapi kifungu ni kifupi kuliko maelezo yake, na mara ngapi neno dogo kama "isipokuwa" linageuza maana yote.

Kwa nini ninasisitiza mwaka wa sheria? Chukua Sheria ya Familia, ambayo sisi wamama inatugusa kila siku. Ilitoka tarehe 1 Agosti 1987. Kifungu chake cha 448 kilisema mke lazima apate ruhusa ya mume wake kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kufanya jambo yeye mwenyewe. Wamama wengi walinyimwa mkopo au kazi juu ya kifungu hicho. Lakini tarehe 15 Julai 2016 ilitoka sheria nyingine iliyobadilisha ile ya 1987. Leo kifungu hicho hicho cha 448 kinasema mume na mke wote wawili wanapaswa kupatana. Namba ni ile ile, maana imegeuka. Mwanafunzi mwenye kitabu cha zamani atamwambia mama yake uongo bila kujua, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma. Ndiyo sababu ya swali la tatu: ya mwaka gani?

Jambo la pili la kila siku ni daftari la maneno. Gawa ukurasa sehemu tatu: neno la Kifaransa, maana yake kwa Kiswahili, na mfano wa Aveba. Sehemu ya tatu ndiyo inayoshika kichwani. Nikupe mfano. Mama mmoja ametunza pesa ya likelemba, halafu zamu ya mwenzake imefika, pesa haipo. Sokoni tutasema: "Ameiba." Lakini sheria inauliza kwanza: pesa ilimfikiaje? Kuiba, yaani "vol", ni kuchukua kitu cha mtu bila yeye kukupa. Huyu alipewa pesa kwa mkono, aitunze, kisha akaitumia kwa mambo yake. Hiyo inaitwa "abus de confiance". Na kama tangu mwanzo alijitungia jina la uongo au likelemba isiyokuwapo ili watu watoe pesa, hiyo ni "escroquerie". Uchungu wa mwenye pesa ni mmoja, lakini makosa ni matatu, kila moja na kifungu chake na mambo yake ya kuthibitisha. Vivyo hivyo sisi tunasema "kuua", na sheria inatenganisha "meurtre", kuua kwa kukusudia, na "assassinat", kuua baada ya kupanga mapema. Ukichanganya maneno hayo kwenye mtihani, umepoteza pointi. Ukiyachanganya mbele ya hakimu, mtu anaweza kupoteza miaka ya maisha yake.

Juu ya Kifaransa chenyewe, usione haya. Soma ukurasa mmoja kwa sauti kila siku, hata wa sheria, hata wa gazeti. Andika sentensi fupi. Wengi wetu tuliotoka vijijini tulidhani Kifaransa cha sheria ni kirefu na kizito. Walimu wazuri wanapenda jibu linaloeleweka.

Utapewa maswali yanayoitwa "cas pratique", yaani hadithi fupi ya watu wenye ugomvi, nawe utafute sheria inasema nini. Hapa mabinti wa nyumbani mna nguvu kuliko mnavyofikiri, maana mmekulia penye mabaraza ya familia. Lakini fuata njia: kwanza eleza mambo yaliyotokea, bila kuongeza chako. Pili, uliza swali la sheria ni lipi. Tatu, taja sheria na kifungu. Nne, weka kifungu juu ya mambo yale, hatua kwa hatua. Mwisho, toa jibu. Mwanafunzi anayeanza na jibu anakuwa tayari amechagua upande. Fanya mazoezi hayo na wenzako watatu au wanne, si kumi. Mimi nilisoma na wasichana watatu, kila Jumamosi mchana, kila mmoja analeta hadithi moja na wengine wanajibu. Tulikuwa na taa moja ya jua, kwa hiyo tulimaliza kazi kabla ya giza, kila mtu akarudi kwake mapema. Hilo nalo ni shauri: chagua chumba karibu na shule hata kama ni kidogo, ili usitembee usiku.

Nije sasa kwenye jambo ambalo hapa kwetu tunalizungumza kwa sauti ya chini. Mtoto wa Aveba akisema anasoma sheria, watu wa Bunia watamuuliza juu ya kesi ya Bogoro. Najua maumivu yako pande zote, nami sitaki kufungua kidonda. Lakini mwanafunzi wa sheria hawezi kuikimbia kesi hiyo, maana inafundisha kuliko vitabu vingi.

Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro kilishambuliwa na raia waliuawa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kule The Hague, iliwashitaki watu wawili juu ya shambulio hilo moja: Germain Katanga na Mathieu Ngudjolo. Walianza kesi pamoja, kisha Novemba 2012 kesi zao zikatenganishwa. Tarehe 18 Desemba 2012 Ngudjolo aliachiliwa, na rufaa ya mwendesha mashitaka ilishindwa tarehe 27 Februari 2015. Katanga alihukumiwa tarehe 7 Machi 2014, na mnamo Mei mwaka huo akapewa miaka 12. Lakini hata yeye hakupatikana na hatia kwa kila shitaka. Alipatikana kuwa alisaidia katika mauaji, mashambulizi juu ya raia, uharibifu na uporaji. Akaachiliwa kwa mashitaka ya ubakaji, utumwa wa ngono na kutumia watoto vitani. Tena majaji hawakukubaliana wote: wawili walisema ana hatia, na mmoja, Mama Christine Van den Wyngaert, aliandika kwamba hakubali.

Watu wa kawaida wanauliza: inakuwaje shambulio moja, huyu afungwe na yule aende nyumbani? Mwanafunzi wa sheria anapaswa kuweza kujibu bila kupiga kelele. Mahakama haiulizi tu kama ubaya ulifanyika. Inauliza kama imethibitishwa, pasipo shaka ya maana, kwamba mtu huyu aliyesimama hapa alifanya jambo hili aliloshitakiwa. Majaji walipomwachilia Ngudjolo walieleza kwamba kusema mtu hana hatia kisheria si lazima iwe kusema kwamba hakufanya kitu, wala si kusema kwamba wafu wa Bogoro hawakufa. Na tarehe 24 Machi 2017 mahakama hiyo iliamuru fidia kwa watu 297 waliothibitishwa kuwa waliumizwa: kila mmoja dola 250 za ishara, pamoja na misaada ya pamoja kama nyumba, masomo na matibabu ya moyo. Dola 250 hazirudishi mtu. Lakini mwanamke aliyekaa miaka 14 bila jina lake kuandikwa popote aliandikwa.

Ukiweza kueleza kesi hiyo mbele ya mtu wa kabila lako na mbele ya mtu wa kabila lingine kwa maneno yale yale, umeanza kuwa mtu wa sheria. Ukibadilisha maneno kulingana na anayekusikiliza, bado unasoma siasa. Ituri ina watu wa kutosha wa aina hiyo ya pili.

Nina neno pia juu ya hatari ambayo wamama wananiuliza kwa kunong'ona. Ndiyo, kuna walimu na wafanyakazi wa shule, hapa na pale, wanaomwomba msichana mwili wake ili apate pointi. Binti, jua sheria kabla hujafika huko. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 iliingiza kosa la harcèlement sexuel katika Sheria ya Jinai, kifungu cha 174d: mtu anayetumia mamlaka ya kazi yake kumsumbua na kumbana mwingine ili apate mambo ya ngono anaweza, kwa sheria hiyo ya 2006, kufungwa mwaka 1 hadi miaka 12. Usiende ofisini wala nyumbani kwa mwalimu peke yako. Nenda na mwenzako. Mwalimu akisema njoo peke yako jioni, jibu kwamba utakuja asubuhi na mwenzako. Usifute ujumbe wa simu, hata ukikuchukiza. Huo ndio ushahidi. Andika tarehe, saa na maneno. Mwambie mtu mapema, mama yako, dada wa kanisa, au mwalimu wa kike unayemwamini, kabla matokeo hayajatoka, ili wasiseme umelalamika kwa sababu umeshindwa. Na wewe, mama, mtoto akikuambia, usianze na "ulikuwa umevaa nini?" Anza na "nakusikia".

Sasa niseme habari ya likizo, maana hapo masomo yanapimwa. Binti akirudi Aveba baada ya mwaka mmoja, watu watamwita avoka. Watamletea kesi ya shamba, ya mbuzi, ya mahari. Asikubali jina hilo. Kujifanya avoka bila haki ni kosa, na ushauri wa haraka unaweza kumvunjia mtu nyumba. Anachoweza kufanya ni kusoma kifungu, kukieleza, na kuonyesha njia.

Nilipokuwa mwaka wa pili, nilirudi nyumbani nikakuta jirani yetu amefiwa na mume. Matanga yalipokwisha, ndugu za marehemu walikuja kusema nyumba na shamba ni vya ukoo, arudi kwao, watoto wabaki. Mama huyo hakuniomba nimtetee. Aliuliza tu: "Kitabu chenu kinasema nini?" Nilimuuliza mambo matatu: ndoa yenu iliandikishwa kwa ofisa wa état civil? Una watoto wangapi wa marehemu? Kuna karatasi ya shamba? Ndoa iliandikishwa. Watoto walikuwa wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja. Karatasi ya shamba haikuwapo.

Baraza la familia lilipokaa, nilikwenda na wamama wawili wa kikundi chetu, na mzee wa mtaa akaniruhusu nisome. Nilisoma kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Kifungu cha 758: watoto wa marehemu ndio warithi wa kundi la kwanza. Kifungu cha 759: wanapata robo tatu ya urithi, na wanagawana sawa, bila kutenga wasichana. Kifungu cha 785: mke aliyebaki ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake, Kifaransa wanaiita "usufruit". Shemeji mmoja alisema: "Hiyo ni sheria ya Kinshasa." Sikumjibu. Mzee wa mtaa ndiye aliyeuliza: "Watoto hawa wanne ni wa nani?" Wakanyamaza. Kisha mmoja akasema ni wa ndugu yetu. Siku ile ilikubaliwa kwamba mama na watoto wabaki ndani ya nyumba, na iliandikwa, watu wakatia vidole vya wino.

Sitawadanganya kwamba yote yalikwisha vizuri. Shamba halikuwa na karatasi, na mgogoro wake uliendelea misimu miwili. Sehemu moja mama huyo hakuipata kamwe. Lakini watoto wake hawakulala nje, na binti yake wa kwanza alimaliza shule ya msingi katika nyumba ya baba yake. Sikufanya muujiza wowote. Nilijua sheria gani, kifungu gani, ya mwaka gani, na nilikuwa nimezoea kuisema kwa lugha ya nyumbani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye daftari zuri angeweza kufanya vile vile.

Mama aliyeuliza juu ya kazi, jibu langu ni hili. Si kila aliyesoma sheria atakuwa hakimu au avoka. Wengine wanakuwa wakarani wa mahakama, wengine wanafanya kazi katika ofisi za ardhi, état civil, mashirika, benki, parokia. Wengine watakaa muda bila mshahara, na hilo ni kweli pia. Lakini fikirini ni mara ngapi mtu wa Aveba anatia kidole cha wino juu ya karatasi asiyoielewa. Fikirini ni wangapi wamekaa cachot siku nyingi kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kifungu cha 18 cha Katiba kinasema garde à vue haipiti saa 48. Kijiji chenye binti mmoja anayeweza kusema "naomba nisome kwanza" si kama kijiji kisicho naye.

Kwa hiyo, wamama, mtoto akiwa Bunia, msimuulize kwa simu kama amekula tu. Muulizeni kila juma: "Umesoma kifungu gani? Nieleze." Akishindwa kueleza kwa Kiswahili, bado hajakielewa, mwambieni arudi kukisoma. Akieleza mkaelewa, basi mmesoma wote wawili kwa malipo ya mtu mmoja. Mama asiyejua kusoma anaweza kuwa mwalimu mzuri wa marudio, maana hakubali maneno makubwa yasiyo na kitu ndani.

Na ninyi mabinti, mkifika Bunia, kuna sisi tuliotangulia. Wengine mtatuita tantini, wengine yaya. Msisubiri matatizo yawe makubwa ndipo mtutafute. Njooni na daftari lenu, na mje na swali ambalo tayari mmelitafutia kifungu.

Safari njema, na Mungu awalinde njiani.